Porsche 911 (997) ya mkononi: uzoefu wangu wa kuikagua kabla ya kutoa hela

Porsche 911 ya kizazi cha 997 nimeizoea zaidi kwa chini kuliko kwa juu: sampo (bakuli la oili chini ya injini), nyuma ya rimu, na kwenye kioo cha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kwa bei zake za sasa sijaona gari la kifahari la mbio linalomridhisha dereva kiasi hiki. Usukani wake bado ni wa haidroliki. 991 iliyofuata ilihamia usukani wa umeme, na mikono huijua tofauti kwenye kona ya kwanza. Ila rangi inayong'aa na kilometa chache hazikuambii lolote kuhusu kitu cha gharama kuliko vyote, yaani injini. Kwa hiyo nitakaa kwenye injini, na viti vya ngozi utavitazama mwenyewe.

Anza kwa kujua ni 997 ipi. Ya mwanzo ilitoka 2004 hadi 2008: Carrera ya lita 3.6 yenye nguvu farasi 325, na Carrera S ya lita 3.8 yenye 355. Ya pili, maarufu kama 997.2, ilitambulishwa 2008 kama toleo la 2009 ikaenda hadi 2012. Injini yake ni mpya kabisa, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na nguvu ilipanda hadi farasi 345 na 385. Hapo ndipo gia boksi ya otomatiki ya PDK yenye gia 7 ilipochukua nafasi ya Tiptronic yenye gia 5. Muuzaji akisema "ya 2009", usisome tangazo, soma namba ya chesisi. Alama ya kumi ndiyo mwaka wa toleo: 8 ni 2008, 9 ni 2009, A ni 2010. Ziko zilizosajiliwa 2009 ambazo ni toleo la zamani, na bei yake haipaswi kuwa ya 997.2.

Kwenye hiyo ya mwanzo, kila mtu atakutisha kwa IMS. Ni shafti ya kati inayochukua mzunguko kutoka kwenye krenki kwenda kwenye minyororo ya kemshafti. Beringi yake ya nyuma ilifungwa na grisi ndani. Sili ikichoka, oili ya injini inaosha ile grisi, beringi inabaki kavu na hatimaye inavunjika. Ikivunjika, mpangilio wa valvu unapotea na valvu zinagonga pistoni. Magari ya 2005 yana mchanganyiko wa beringi ndogo na kubwa; kuanzia 2006 hadi 2008 ni kubwa, na hiyo kubwa ni nadra kufa. Ubaya wake ni kwamba haitoki bila kupasua bloku. Ukikuta gari la 2005 gia boksi imeshushwa kwa ajili ya klachi, itazame nati ya katikati ya kifuniko cha IMS: ya milimita 13 ni beringi ndogo, ibadilishwe hapo hapo, kwa sababu kazi kubwa ya kushusha imeshalipiwa. Ya milimita 22 ni kubwa, iache. Sili ya nyuma ya krenki nayo ibadilishwe siku hiyo kama ina unyevu.

Kwangu mimi IMS si hofu ya kwanza kwenye 997 ya mwanzo. Hofu ya kwanza ni silinda kuchanika mistari. Bloku ni ya alumini, na kuta za silinda zimetengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, bila bushi ya chuma. Pistoni zimepakwa tabaka jembamba la chuma. Tabaka hilo likibanduka, alumini inasuguana na alumini, na ukuta unachimbika. Oili inapita, pistoni inapiga, na dawa iliyobaki ni kufungua injini yote na kuweka silinda mpya. Gharama yake inaweza kufika theluthi au hata nusu ya bei ya gari. Lita 3.8 inaathirika zaidi ya 3.6, tundu la silinda yake ni milimita 99 dhidi ya 96. Magari ya nchi za baridi yaliyotumika kwa safari fupi fupi yamo kwenye hatari zaidi, maana petroli ya ziada ya asubuhi inaosha oili ukutani kabla injini haijapata moto.

Namna ya kuikamata ni hii. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa bomba za ekzosi; zikiwa za moto, kuna kitu kinafichwa au kuna mtu hakusikiliza, na vyovyote vile rudi siku nyingine. Washa injini ikiwa baridi. Moshi kidogo wa sekunde chache, hasa kama gari liliegeshwa kwenye mteremko, ni kawaida kwa injini yenye silinda zilizolala kama hii, kwa sababu oili inatuama upande mmoja. Endesha dakika 20 hadi oili ipate joto, kisha egesha, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta, na chuchumaa karibu na gurudumu la nyuma kulia. Upande huo una silinda ya 4, 5 na 6, na ndizo zinazoumia mara nyingi. Sikiliza mlio kama wa mgongo wa kijiko ukigonga meza ya mbao, taratibu, kwa mpigo unaofuata injini. Hamia kushoto, linganisha. Halafu pitisha kidole ndani ya bomba za ekzosi za pande zote mbili: masizi makavu si shida, lakini upande mmoja ukiwa mweusi wenye mafuta na mwingine mkavu, hapo pana jambo.

Masikio hayatoshi. Dai kamera ya waya. Kupitia matundu ya plagi unaona sehemu ya juu ya ukuta tu, tena baada ya kuvua magurudumu ya nyuma na kuzungusha krenki kwa mkono ili kila pistoni ishuke chini. Njia ninayoiamini ni ya kutokea chini: mwaga oili (takribani lita 8), fungua sampo, pandisha kamera kati ya krenki na pistoni. Ukuta mzima una mistari midogo myembamba iliyopishana kama kitambaa. Ukuta mbovu una michirizi ya kijivu ya wima, mingine mipana kama penseli, na ile mistari midogo imefutika. Muuzaji akikataa sampo isifunguliwe kwa gharama yako, ni haki yake. Na wewe ni haki yako kuondoka.

Sampo ikiwa wazi, fungua na oil filter. Kata karatasi yake kwa kisu, ikunjue kama feni juu ya gazeti jeupe, pitisha sumaku. Vipande vinavyong'aa visivyoshika sumaku ni alumini, vinatoka kwenye pistoni au silinda. Vinavyoshika ni chuma, na kwenye gari la 2005 fikiria beringi. Vipande vya plastiki ya kahawia au nyeusi ni vya reli za minyororo. Vumbi jembamba la kawaida lipo kwenye filta nyingi. Kinachonisimamisha ni kipande ninachoweza kukishika kwa kucha.

Hakuna kijiti cha kupimia oili kwenye 997, kipimo kiko kwenye dashibodi tu. Kwa hiyo swali la "inakula oili kiasi gani?" haliishi kwa kutazama. Uliza amenunua lita ngapi za kuongezea tangu huduma iliyopita, na uone risiti. Oili ya kiwandani ni 0W-40. Binafsi namwaga kila kilometa 8,000 au mwaka, kinachotangulia.

Kuhusu kompyuta: unganisha mashine ya PIWIS au Durametric, usiridhike na kimashine kidogo cha kusoma taa ya injini. Unataka vitu viwili. Cha kwanza ni saa za injini. Gawanya kilometa kwa saa upate mwendo wa wastani. Kilometa 64,000 kwa saa 1,600 ni 40 kwa saa, inaingia akilini. Kilometa 42,000 kwa saa 2,400 ni 17.5 kwa saa. Labda liliishi kwenye foleni maisha yake yote, labda kilometa zimerudishwa nyuma. Cha pili ni kumbukumbu ya injini kuzungushwa kupita kiasi, yenye ngazi 6. Ngazi za chini ni mtu kakanyaga hadi kikomo, hazinisumbui. Ngazi ya 4 kwenda juu ni mtu aliyetaka gia ya tano akaingiza ya tatu. Namba inayoonekana ni idadi ya cheche, isikutishe kabla hujapiga hesabu: injini hii ina cheche 3 kwa kila mzunguko, hivyo kwa mizunguko 8,000 kwa dakika ni cheche 400 kwa sekunde. Cheche 120 ni chini ya theluthi ya sekunde. Muhimu ni lini ilitokea. Karibu na kila ngazi imeandikwa saa ya injini ya tukio la mwisho, na kama ni saa 900 zilizopita, injini imeshakuonyesha kwamba ilipona. Kwa Tiptronic kipengele hiki kina uzito mdogo, gia boksi inakataa kushuka gia mbaya.

Mengine yanatibika, lakini yatumie kupunguza bei. Injini ikiunguruma, jaribu kuinua kifuniko cha oili: kikivutwa kwa nguvu kama kimegandishwa, kile kifaa cha kutenganisha oili na hewa, AOS, kimepasuka ndani. Dalili yake nyingine ni wingu jeupe asubuhi. Rejeta ziko mbele nyuma ya bampa, na kondensa za AC ziko mbele ya rejeta. Chungulia na tochi kwenye matundu ya bampa, majani yaliyooza humo hushika maji na kula alumini. Gari likimisi baada ya mvua, koili za plagi zimepasuka. Ziko 6, badilisha zote. Pampu ya maji ikianza kuacha chumvi nyeupe pembeni, usisubiri.

Chini kuna bushi na wishboni. Uwazi toka chini ni sentimeta 10 hivi, na matuta yetu hayakumfikiria mtu huyu. Kagua mdomo wa bampa kwa chini, na mikono ya mbele kama bushi zimechanika. Gari lenye mlio wa "tok" ukipita tuta kwa upande mmoja tayari limeshakuambia. S ina shokapu za kielektroniki za PASM, moja ikivuja bei si ya shokapu ya kawaida. Matairi ya S ni 235/35 mbele na 295/30 nyuma, inchi 19. Soma tarakimu 4 za wiki na mwaka ubavuni. Tairi la miaka 8 lenye kashata nzima ni tairi la kutupa. Bolti za rimu zinakazwa kwa Nm 130.

Turbo (toleo la hadi 2009) na GT3 za enzi hiyo ni hadithi nyingine. Injini yake haina matatizo haya ya IMS wala silinda, ila viungio vya mabomba ya maji vimegundishwa kwa gundi na joto huvilegeza; uliza kama vimechomelewa au kupigwa pini. Kwenye 997.2, ukiwasha na starta ikazunguka muda mrefu kabla injini haijashika, shuku pampu ya petroli ya shinikizo kubwa.

Utainunua wapi? Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo 997 ya Nairobi ni ile iliyokwisha sajiliwa huko. Tanzania inaingia, lakini ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha na VAT ya 18% unaumiza. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata dola. Za Japani zina karatasi ya mnada: gredi R au RA maana yake iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Huko wengi wanapenda usukani wa kushoto kwenye 911, usije ukashtuka bandarini. Za Uingereza zina faida moja kubwa: ukiwa na namba ya usajili, historia ya MOT (ukaguzi wao wa kila mwaka) inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao, pamoja na odomita ya kila ukaguzi. Ni maili lakini. 60,000 zao ni kama kilometa 96,500, na dalali akiandika "60,000 km" si bahati mbaya kila mara. Za Dubai hazina kutu, ila mpira na plastiki vimekaukiana.

Mimi ningechagua 997.2 Carrera ya kawaida kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, 3.6 ya 2006 hadi 2008 iliyochunguliwa silinda. S ya 3.8 bila picha za kamera siigusi kwa bei yoyote.

Na siku likishuka melini, jiandae kukuta betri imekufa, na boneti inafunguka kwa umeme wakati betri iko ndani ya boneti. Fungua mlango kwa ufunguo wa chuma, nenda kwenye boksi la fyuzi miguuni upande wa kushoto, vuta nje kile kidude chekundu. Hapo ndipo chanya ya betri ya kuazima inakaa. Hasi ibane kwenye chuma cha bawaba au kitasa cha mlango. Tumia swichi ya boneti. Usijaribu kuwasha injini kwa waya hizo, kidude hicho ni cha kufungulia boneti tu.