PiKVM: nimepiga mfumo upya kwenye PC iliyoko Kigoma nikiwa Tabora, uzoefu wangu

Wakuu habari zenu. Kwa wale tunaosimamia kompyuta za watu mikoani naomba niwape uzoefu wangu na hiki kifaa kinaitwa PiKVM, cha kuendeshea kompyuta ukiwa mbali, maana wakati nakitafuta nilihangaika kupata mtu wa huku kwetu aliyekitumia kwa intaneti hizi zetu, nikamkosa.

Mi nipo Tabora, kazi yangu ufundi kompyuta. Shangazi yangu ana duka la nyavu na vifaa vya uvuvi Kibirizi, Kigoma, na pale dukani kuna PC moja ya mezani ndo inashika mauzo yote na madeni ya wavuvi. Ilikua na Windows 10, na Microsoft wamefunga sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 nayo hairuhusu mashine ile kwa sababu haina TPM 2.0 (ile chipu ya usalama) na prosesa ni ya zamani. Mauzo wanafungulia kwenye brauza tu, kwahiyo nikaona bora nipige Debian, mfumo wa bure wa Linux, wakae kwa amani. Sasa PC iko kule mi niko huku, na treni ya Kigoma ni safari ya kulala njiani, ukienda kazi za watu huku zinasimama.

Najua kuna mtu ataniuliza si ungetumia AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali. AnyDesk na wenzake wanaishi ndani ya Windows, ukishaifuta Windows na wao wameondoka, hapo unabaki huoni kitu na shangazi anakupigia simu kukusomea herufi za kwenye skrini moja moja. Hii PiKVM yenyewe haijali PC ina mfumo gani au haina kabisa. Ni Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) yenye kipande cha kunasa picha, inachukua picha kwenye HDMI ya PC, afu kwa upande wa USB inajitambulisha kama kibodi, mausi na pia drive ya CD. PC inajua kuna mtu amekaa mbele yake. We unafungua brauza popote ulipo unaona kila kitu kuanzia BIOS (ile skrini ya mwanzo kabla mfumo haujawaka), na ukiunganisha zile nyaya za ATX kwenye pini za batani ya power unawasha na kuzima PC ukiwa mbali, hata ikiganda kabisa.

Niliifunga mwenyewe nilipoenda Kigoma sikukuu. Ile PC ina VGA na HDMI kwahiyo monita ya dukani ikabaki kwenye VGA, HDMI nikaipa PiKVM. Wanaotaka kuunda wenyewe kwa Raspberry Pi 4 wajue ule mlango wa USB-C ni mmoja, unapitisha umeme na data humo humo, lazima utafute splita ya kutenganisha, vinginevyo kibodi na ile CD havitafanya kazi vizuri au umeme utasumbua. Intaneti pale ni ruta ya laini ya simu, na laini hizi mara nyingi hazikupi IP ya umma, huwezi kuingia kutoka nje kirahisi, nikaweka Tailscale (programu inayounganisha vifaa vyako kama viko mtandao mmoja) ndani ya PiKVM ikaisha hiyo.

Siku ya kazi yenyewe. ISO ya Debian (faili la kisakinishi) ile ndogo ya netinst, inayoshusha vingine mtandaoni, haifiki GB moja, na uzuri ni kwamba huna haja ya kuipandisha kutoka kwako, unaipa PiKVM linki inashusha yenyewe kule kule, mi niliiacha ishushe usiku ili asubuhi nikute iko tayari. Mafaili ya shangazi nilishayahamishia kwenye diski ya nje na kuyafungua kuhakikisha yanasoma, afu nikampigia kijana wa dukani aichomoe ile diski kabisa aiweke kabatini. Hili msilipuuze, ukifika kwenye ukurasa wa kugawa diski unaona majina kama sda na sdb na ukubwa wake, ni rahisi kuchanganya, na ukiwa mbali huna cha kushika kwa mkono ukajua ipi ni ipi.

Nikarestati, nikaanza kubofya F12 (ya kuchagua PC iwakie wapi) mfululizo bila kusubiri nione nembo, maana picha inachelewa kidogo njiani na ukisubiri uione menyu ya F12 imeshapita. Ikatokea orodha, drive ya CD ya PiKVM iko pale kama CD ya kweli, nikaichagua, na menyu ya Debian ikafunguka mbele yangu Tabora. Aisee nilifurahi sana. Chagueni ile install ya maandishi sio ya picha, skrini haibadiliki sana kwahiyo bando halitafunwi, na shusheni kiwango cha ubora wa video, maandishi bado yatasomeka.

Huku shangazi ananipigia, "mwanangu, kompyuta inajiandika yenyewe huku, wateja wanaogopa", nikamwambia shikamoo shangazi ni mimi, uza kwa daftari mpaka mchana. Katikati ya kushusha vifurushi umeme ukakatika Kibirizi, lakini PC, ruta na PiKVM vyote viko kwenye UPS moja (betri ya akiba), kazi ikaendelea mpaka umeme ukarudi. Bila UPS msijaribu jamani, mtabaki na PC isiyo na mfumo wowote. Mwisho kabla ya kurestati unaitoa ile CD kwa kubofya kwenye brauza, usipoitoa inaweza kukurudisha mwanzo kwenye kisakinishi.

Kwangu ni nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimebana kwa sababu bei imechangamka ukijumlisha vipande vyote, na intaneti ya kule ikikata nayo inakua haina msaada. Kama una seva ya kukodi nje usinunue, makampuni mengi yanakupa konsoli ndani ya brauza. Na kwa mashine yenye Linux tayari, Debian wana network-console, unaendesha kisakinishi chenyewe kwa SSH (kuingia kwa mbali kwa maandishi tu) bila kununua kitu, ila ukikosea mpangilio wa mtandao huna picha ya kukuonyesha imekwama wapi.

Kitu kingine, PiKVM inakuja na jina na nywila admin/admin kwenye brauza na root/root kwenye SSH. Badilisheni zote siku hiyo hiyo: andika rw kwanza maana diski yake imefungwa isiandikwe, afu kvmd-htpasswd set admin, afu passwd root, ukimaliza rudisha ro. Anayeingia humo ni sawa na amekaa kwenye kiti cha shangazi.