Kwa bibi wa Magomeni, mtoto analipiwa kwa siku: kituo cha kulea watoto kwa sisi wa vibarua

Nawaandikia akina mama wenzangu wa vibarua hapa Mtwara mjini, hasa tunaolea peke yetu. Mwenye ajira ya ofisini, anayetoka asubuhi saa moja na nusu na kurudi saa kumi, vituo vyake vipo na havina haja ya sifa zangu.

Mimi nahesabu magunia. Korosho zikitoka ghalani kuingia kwenye kontena, nasimama mlangoni na kalamu yangu, kila gunia linalopita naliwekea kijistari. Msimu ukichanganya, kuanzia Oktoba hadi Januari hivi, simu ya msimamizi inaweza kuita saa nne usiku: "Dada, kesho saa kumi na mbili uwe getini." Inaweza pia kukaa kimya wiki nzima kwa sababu meli haijafika, au mvua imeshika na korosho haitakiwi kuloa. Msimu ukiisha unabaki kusikilizia kazi za salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, na za makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma, na huko wanaitwa zaidi wanaume. Mwanangu ana miaka mitatu. Mama yangu yuko Newala na shamba lake, na baba wa mtoto nitamfikia.

Kabla ya hapa nilikuwa na kituo kingine, sikitaji. Kizuri kwa macho, kimepakwa rangi, kina bembea. Ada 45,000 kwa mwezi, ilipwe kabla ya tarehe tano, mtoto aje asije. Geti linafunguliwa saa moja na nusu, wakati mimi nimeshahesabu kontena la kwanza. Februari moja nilipata kazi siku tano tu. Piga hesabu mwenyewe: kila siku moja ya mwanangu pale ilinigharimu 9,000, na siku mbili kati ya hizo nilimlipa binti wa jirani akae naye mpaka geti lifunguliwe. Nilipoomba nilipie siku anazokuja tu, niliambiwa utaratibu hauruhusu. Sawa, utaratibu ni wao. Nikamtoa.

Kwa bibi nilipelekwa na mwenzangu wa ghalani. Ni nyumba ya kawaida huku Magomeni, baraza la saruji, mikeka ya ukindu, mwembe uani. Watoto huwa kumi na wawili, kumi na wanne. Anasaidiwa na binti yake. Cheti cha usajili kimetundikwa sebuleni, na nilikisoma, maana sheria inataka vituo vya kulelea watoto visajiliwe na wengi wanaokaa na watoto mitaani hawana. Bei yake 2,000 kwa siku, na humo mna uji wa asubuhi na chakula cha mchana. Ukimleta kabla ya saa kumi na mbili unaongeza 500. Ukichelewa kumchukua hadi baada ya saa kumi na mbili jioni, unaongeza 1,000. Siku usiyomleta hudaiwi. Unachotakiwa ni kumpigia usiku kabla hajalala, ajue aloweke maharage kiasi gani.

Siku ya kwanza nilimuuliza kama kweli hatakuja kunigeuka mwisho wa mwezi. Akacheka. "Mwanangu, meli ina ratiba? Nitakudaije siku ambayo mtoto hakulala kwenye mkeka wangu?"

Uji wake ni wa sembe uliotiwa korosho zilizovunjika, zile vipande ambazo hazipati bei, zinatwangwa laini. Mwanangu, ambaye nyumbani uji anaukimbia, pale anamaliza kikombe na kuramba. Mchana ni ugali na dagaa, au wali maharage. Ameanza pia kuimba nyimbo za Kimakonde ambazo mimi mwenyewe sizielewi zote, na nashuku nyingine si za watoto.

Sasa daftari, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Bibi ana daftari la hesabu, lile la miraba, na kila mtoto ana kurasa zake. Ukimleta anaandika tarehe na saa kwa kalamu nyekundu, unatia sahihi. Ukimchukua, hivyo hivyo. Mwanzoni niliona usumbufu, alfajiri saa kumi na moja bodaboda inakusubiri nje na wewe unatafuta mwanga wa simu upate kusaini. Lakini nilipokwenda ustawi wa jamii kudai matunzo, swali la kwanza la afisa lilikuwa: ulezi wa mtoto unakugharimu kiasi gani kwa mwezi? Nikabaki nimekodoa macho. Mwezi upi? Novemba si Machi. Baba yake, aliyekuwa ameketi pembeni, akadakia kwamba nataja tu namba za kichwani.

Afisa, mama mmoja mtaratibu, akaniambia nirudi na chochote kilichoandikwa. Nilimwomba bibi daftari. Tukaketi barazani watoto wamelala, yeye anasoma, mimi najumlisha. Oktoba siku 11, Novemba 23, Desemba 20, Januari 14, Februari 6, Machi 4. Jumla 78, ukigawa kwa miezi sita ni siku 13 kwa mwezi, yaani 26,000. Nyongeza za alfajiri na jioni zilifika 18,000 kwa miezi yote sita, sawa na 3,000 kwa mwezi. Kwa hiyo 29,000. Mara ya kwanza maishani niliona kazi yangu imekaa kwenye karatasi kama kitu chenye umbo.

Tuliporudi, baba mtoto akasema daftari lingeweza kuandikwa jana usiku. Nikatoa vipande vyangu vya kazi, vile tunavyopewa ghalani kwa ajili ya malipo, afisa akavipanga juu ya meza tarehe kwa tarehe. Kwenye ukurasa wa Desemba palikuwa na alama ya kidole kidogo, uji umekaukia pale, mwanangu alidaka daftari wakati nasaini. Afisa aliitazama ile alama, akamtazama baba yake, hakusema kitu.

Alitueleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwachii mzazi mmoja mzigo kwa sababu tu naye ana kipato: hutazamwa uwezo wa wote wawili, watoto wengine wanaotegemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Tusipoelewana, shauri linaweza kupelekwa Mahakama ya Watoto. Tulielewana. Atatoa 15,000 kila mwezi kwa ajili ya ulezi, mbali na chakula na nguo, anatuma kwa simu. Tulikubaliana kiasi kisichopanda na kushuka, maana mwezi wa siku nne unabeba mwezi wa siku 23, na yeye pia anataka kujua atoe nini. Hadi leo amekosa mwezi mmoja.

Sasa kasoro, nisije nikaonekana nimelipwa. Choo ni kimoja, na sakafu yake inateleza, mtoto mdogo lazima ashikwe mkono. Simu ya bibi chaji huisha mchana, ukipiga saa nane hupati mtu. Na kubwa zaidi: msiba ukitokea mtaani au kwao, anafunga. Novemba nilifika alfajiri, mtoto mgongoni, nikakuta kufuli. Alikuwa amekwenda Nanyamba kuzika, akasahau kunijulisha. Nilipoteza kazi ya siku nzima, na msimamizi hakuniita siku tatu zilizofuata. Bibi aliniomba radhi na wiki ile hakupokea hela yangu, ila hasira ile ilinikaa. Tangu hapo nina namba ya binti yake, na nina jirani wa akiba.

Nampa nyota nne. Kituo kile chenye bembea ningekipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya bembea.

Ukitaka kwenda kumwona, nenda saa nane mchana, watoto wamelala na ana nafasi ya kuzungumza. Anasema mwezi ujao atapandisha hadi 2,500 kwa sababu ya unga. Na ubebe daftari lako mwenyewe, la kwake limejaa.