Mashine za zamani za kuchemshia mayai: ipi ununue, ipi uiache, na namna ya kuitunza

Hizi mashine ndogo za umeme za kuchemshia mayai, zile za zamani zenye sahani ya chuma chini na mfuniko wa duara juu, mtu akiikuta kwenye meza ya mtumba au kwenye eBay kromu yake inameta basi hela inatoka mfukoni kabla hata hajaishika vizuri. Subiri kwanza jamani. Igeuze, soma kibandiko cha kitakoni, angalia waya, angalia sahani, halafu ndo uulize bei. Urembo uje mwisho kabisa.

Kwanza ujue inavyofanya kazi maana bila hilo huwezi kuchagua. Unamimina maji kidogo tu kwenye sahani, mayai yanakaa kwenye trei juu yake, maji yanachemka na mayai yanaiva kwa mvuke, maji yakiisha sahani inapanda joto ghafla na themostati inakata umeme au inapiga mlio. Kwa hiyo maji ndo saa yako, ukitaka kiini kigumu unaongeza, ukitaka kilaini unapunguza. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mayai sita yanataka maji machache kuliko yai moja. Sababu ni kuwa mvuke ukikutana na mayai mengi ya baridi unageuka maji, unadondoka tena kwenye sahani na kuchemka upya, yaani maji yaleyale yanafanya kazi mara mbili mbili.

Namba moja kwangu, na hapa sina mjadala, ni za Kijerumani za miaka ya 70 na 80: Krups, Rowenta, Severin. Ukiona pameandikwa "Made in West Germany" ujue ni ya kabla Ujerumani haijaungana mwaka 1990. Zimetengenezwa kwa volti 220, kwa hiyo Tanzania, Kenya, Uganda, hata Burundi na Rwanda unachomeka bila transfoma. Nyingi zinakula wati 300 hadi 400 hivi, na kwa kuwa maji yenyewe ni kidogo yanachemka chap, luku haisomi balaa. Umeme wetu ukiwa juu kidogo, 230 au 240, maji yanakauka mapema kuliko walivyopanga Wajerumani, sasa ongeza kijiko cha chai cha maji utakuwa sawa. Shida yake ni plagi, ile ya duara ya Ulaya. Usiishi kwa adapta za bei chee maana nyingi hazipitishi ethi, yaani ile njia ya usalama inayopeleka umeme ardhini ukivuja. Mpe fundi aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3, sio ile ya 13 inayokuja na plagi, na kama ndani ya waya kuna uzi wa kijani na njano lazima ufungwe kwenye pini ya ethi. Fundi akikwambia huo hauna kazi, tafuta fundi mwingine.

Namba mbili ni Sunbeam ya Marekani, zile za kromu na bakelaiti nyeusi (plastiki ngumu ya zamani). Ni nzuri jamani, chuma kizito, na kama unaishi Minneapolis au Houston basi kwako hiyo ndo namba moja, chomeka ule. Ila ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240 volti zimekuwa mara mbili na nguvu inayopita ni mara nne, koili, ule waya wa ndani unaopasha joto, inaungua palepale na inaweza kuondoka na meza yako. Kuna transfoma za kushusha umeme, chukua yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye mashine, tena kwa nafasi, sio kufanana tu. Lakini transfoma yenyewe ni nzito na ina bei, kwa hiyo ndugu akikwambia anakutumia Sunbeam kwenye kontena mshukuru na mwambie ukweli huo mapema.

Namba tatu, Hankscraft ya Wisconsin, za kauri zenye rangi za njano na kijani, ziliuzwa sana Marekani miaka ya 30. Hizi hazina koili. Kuna vyuma viwili ndani ya bakuli na umeme unapita kwenye maji yenyewe, maji yakiisha umeme unakatika wenyewe. Akili kubwa sana, lakini maana yake ni kwamba yale maji yana umeme wakati mashine inawaka, na wewe uko jikoni, pengine na mikono mibichi. Pia inategemea maji yako: ya mvua hayapitishi umeme vizuri inachelewa sana, ya kisima cha chumvi kama ya mitaa mingi ya Dar yanapitisha kupita kiasi. Mimi nasema nunua uweke kabatini watu waione, usipikie, hasa nyumba yenye watoto.

Ukishachagua, ikague. Sahani iwe haijabanduka wala kuvimba, mfuniko uwe na tundu la mvuke, na ulizia kile kikombe cha kupimia chenye sindano kitakoni, kimepotea kwenye nyingi, kisipokuwepo bei ishuke. Kunja waya taratibu karibu na unapoingia kwenye mashine, hapo ndo huwa unapasuka. Waya wa kitambaa wa kabla ya miaka ya 60 usiuchune wala kuukata mwenyewe, baadhi zina asbesto ndani (nyuzi ambazo vumbi lake linadhuru mapafu), mwachie fundi anayejua. Ukiwa na multimita (kile kipimo cha mafundi umeme), plagi ikiwa imechomolewa ukutani, pima ukinzani kati ya pini zake mbili za umeme, swichi ya mashine ikiwa imewashwa: ya wati 350 kwa volti 230 inasoma kama omu 150. Halafu pima kila moja ya pini hizo mbili na chuma cha nje, hapo isisome kitu kabisa. Ikisoma, rudisha, hata kama anakupa bure.

Kutunza ni kazi ya ukoko mweupe wa chokaa tu. Chomoa, acha ipoe, changanya siki na maji nusu kwa nusu, mimina kwenye sahani, acha nusu saa, futa kwa kitambaa. Kama sahani ni ya alumini isiyo na rangi usizidishe muda maana siki inaila. Stilwaya marufuku, na usiizamishe kwenye beseni hata siku moja.

Kikombe cha kupimia kama hakipo, anza na vijiko vinne vikubwa vya maji kwa mayai manne, pasua moja uone, kisha ongeza au punguza na uandike kipimo ubandike ukutani. Mayai ya kienyeji ni madogo kuliko ya kisasa, yana kipimo chake, na yote toboa kidogo upande mnene kabla hujayapanga, hewa ya ndani itoke yasipasuke.