Chaja ya betri ya jenereta: ya transfoma au ya kielektroniki?

Jenereta ya akiba ikigoma kuwaka umeme ukikatika, lawama huangukia betri, kumbe huenda kosa ni la chaja inayoijaza kwa umeme wa gridi. Pima kwanza. Injini ikiwa imezimwa na chaja ina umeme, weka mita kwenye vichwa vya betri ya volti 12. Ukisoma kati ya 13.5 na 13.8, chaja inafanya kazi. Ukisoma 12.4 na inazidi kushuka, kagua fyuzi na nyaya zilizoota kutu ya kijani kabla ya kuihukumu chaja. Mfumo wa volti 24, zidisha mara mbili.

Chaja ya transfoma ni nzito, inavuma, inavumilia joto, na fundi wa mtaani anaweza kuibadilisha dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Tatizo ni kwamba nyingi hazijui kuacha kuchaji: umeme wa gridi ukipanda, nazo zinapanda. Maji ya betri yanakauka, na haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche moja.

Ya kielektroniki hupunguza chaji yenyewe betri ikijaa. Umeme ukirudi kwa kishindo huiua, na ikifa mara nyingi ni kuitupa. Hata hivyo mimi ningefunga hii, na kinga ya umeme unaopanda ghafla mbele yake.

Yoyote utakayochagua, toa swichi ya jenereta kwenye oto (hali ya kujiwasha yenyewe) uizime, isije ikawaka mikono ikiwa ndani. Kata umeme wa chaja, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Kufunga ni kinyume. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona moto wake.