Kabla hujalipia safari ya Sun City, uliza kitanda kiko upande gani wa geti

Julai mwaka jana mimi na mume wangu tulimlipa wakala mmoja wa hapa Mbeya shilingi milioni 4 na laki 6. Tulijua tunakwenda kulala Sun City, Afrika Kusini, usiku tatu. Tangazo lake lilikuwa na picha ya The Palace, hoteli ile yenye minara na sanamu ya tembo. Dereva alitupokea uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg, tukapita Hartbeespoort, jua likazama, akatushusha kwenye nyumba ya wageni Rustenburg mjini. Nilimuuliza kama Sun City ndiyo hapa. Akanyoosha mkono kuelekea kaskazini: bado zaidi ya kilomita 40.

Tangu nilipoeleza habari hii, dada wanne wamenitumia risiti zao, wawili wa Iringa, mmoja wa Makambako na mmoja wa Tukuyu. Zote zimeandikwa "Sun City". Hakuna hata moja yenye jina la hoteli. Ndiyo maana hapa sitaongelea godoro wala kifungua kinywa. Naongelea geti.

Sun City si mji, ni eneo la mapumziko lililozungushiwa, lenye hoteli, kasino, viwanja vya gofu na bustani ya michezo ya maji, na unaingilia getini. Anayelala ndani ameshamaliza. Anayelala nje analipa kiingilio kila siku anayokuja, kisha analipia Valley of Waves, ule ufuo wa kutengenezwa wenye mashine ya mawimbi, kisha nauli ya kwenda na kurudi. Jioni, taa zinapowaka na watu wanaanza kutembea, yeye anatafuta usafiri wa kurudi Rustenburg. Sisi tulifanya hivyo siku mbili. Niliporudi nyumbani Uyole, hapa Mbeya, nikakaa na risiti na kikokotoo, nikakuta viingilio na nauli tulizotoa mfukoni zingetulaza ndani usiku mmoja kamili.

Na usitegemee kwamba nje ya geti utakuta mitaa ya kutembea kama ukitoka hotelini Kariakoo. Pale pamejengwa mbali kwa makusudi. Enzi za ubaguzi wa rangi kamari ilipigwa marufuku Afrika Kusini, kwa hiyo Sol Kerzner akaijenga Sun City ndani ya Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya makaburu ilidai ni nchi huru, na akaifungua Desemba 1979. Wasanii wengi duniani waligoma kwenda kutumbuiza pale kwa sababu hiyo. Kasino iliwekwa porini kwa ajili ya sheria za wakati ule, na umbali ule ndio unaotugharimu sisi leo tunapouziwa kitanda cha mbali.

Ndani ya geti kuna hoteli nne. Sifichi, mimi ni mtu wa Cascades. Tulirudi Machi mwaka huu tukalala pale, na kama unakwenda mara ya kwanza, mkiwa watu wazima wawili, naiweka namba moja bila kusita. Iko katikati. Unatoka chumbani unatembea kwa miguu hadi kwenye kasino, kwenye migahawa na kwenye majumba ya burudani, usiku unarudi kwa miguu vilevile, humsubiri mtu. Bustani yake ina maporomoko na mabwawa madogo, na sauti ya maji unaisikia ukiwa umekaa nje na chai. Mume wangu, ambaye Julai alinuna siku zote tatu, alikaa pale asubuhi nzima na gazeti.

Namba mbili ni Cabanas, hasa kwa mwenye watoto. Ndani ya geti hii ndiyo ya bei nafuu, na ina uwanja mpana wa majani karibu na ziwa. Kasoro yake ni kwamba iko mbali na Valley of Waves, hivyo utategemea basi la ndani. Ukisafiri na watoto beba vyeti vyao vya kuzaliwa, na kama mzazi mmoja habaki nanyi safarini, barua yake ya ridhaa.

The Palace naiweka ya tatu. Ilifunguliwa 1992, inapendeza kweli, na ndiyo iliyo jirani na Valley of Waves. Lakini ni ghali kuliko zote, na mgeni wa mara ya kwanza anashinda nje akizunguka, chumba kile anakitumia kulala tu. Nenda ukitimiza miaka 25 ya ndoa.

Soho ya mwisho, kwa sababu moja: imekaa pamoja na kasino. Mwenye miaka 18 anaruhusiwa kucheza, na mashine hazina huruma. Nimeona mtaani kwetu jinsi dubwi, mashine ya kamari ya sarafu, linavyomaliza mshahara wa kijana mchana mmoja. Kama katika msafara wenu yupo asiyejua kusimama, msimlaze jengo moja na mashine. Sisi tuliweka randi zetu za kasino kwenye bahasha, zilipoisha tukaondoka.

Nyumba za wageni za Rustenburg ni safi na watu wake wakarimu. Kama una gari lako na unakuja siku moja tu, sawa. Basi la kutoka Mbeya kupitia Tunduma, Lusaka na Zimbabwe ni zaidi ya kilomita 2,000 na mipaka mitatu. Wenye muda waende.

Kwa ndege, anzia uwanja wa Songwe, Mbeya, hadi Dar, lala Dar, kesho yake ndiyo Johannesburg. Ukungu wa Songwe unavyochelewesha ndege mnaujua. Pasipoti ya Tanzania haihitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90, kwa hiyo wakala akikuandikia "gharama ya viza" kwenye hesabu, mwambie aifute mbele yako.

Hapo ndipo hasira yangu haijaisha. Wakala ana ofisi Mwanjelwa, mimi nakaa Uyole, hoteli inauza kwa randi, yeye akanitajia bei kwa dola. Shilingi ikawa dola, dola ikawa randi, na kila ilipogeuzwa kuna kilichobaki mkononi mwake. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Sijarudishiwa hata mia. Nilipompigia alisema "Sun City ni eneo lote lile". Mama mtu mzima naambiwa Rustenburg ni Sun City! Mara ya pili niliandikia hoteli mwenyewe, nikajibiwa, nikalipa kwa randi. Ukipita kwa wakala, kabla pesa haijatoka dai namba ya kuthibitisha chumba yenye jina la hoteli, kisha ipigie hoteli simu wewe mwenyewe uwasomee namba hiyo.

Kuhusu majira: sisi wa Nyanda za Juu tunajiona tumezaliwa na baridi. Julai maji ya Valley of Waves yalinitoa baada ya dakika tano, na alfajiri ndani ya gari la wazi la kutazama wanyama niliomba blanketi la pili. Machi kuna joto na mvua za radi za jioni, lakini unaoga. Desemba shule zao zimefungwa, foleni za maji ni ndefu.

Ila Julai ilinipa kitu kimoja ambacho Machi haikunipa. Hifadhi ya Pilanesberg imepakana na Sun City. Vilima vyake vimejipanga duara, mabaki ya volkano ya zaidi ya miaka bilioni 1, na ukisimama juu utakumbuka Ngozi, lile ziwa letu la kreta kule Rungwe. Watu wa Iringa wataiona ndogo, maana haifiki hata sehemu ya ishirini ya Ruaha, na barabara zake nyingine zina lami. Lakini Ruaha hatuna tena kifaru. Pale wapo, weupe na weusi. Julai majani yakiwa mafupi na makavu, karibu na bwawa la Mankwe, alitoka mmoja na mtoto wake wakavuka barabara mbele yetu taratibu. Marehemu baba aliwahi kunisimulia vifaru wa Ruaha aliowaona ujanani. Nililia, na mume wangu akanishika mkono hadi walipoingia vichakani.