Kafeini sitreti kwa mtoto njiti: uzoefu wangu hapa Mbeya

Mwanangu alizaliwa na wiki 31, kilo 1.4. Uzito haukututisha sana. Kilichotutisha ni kwamba alikuwa anasahau kupumua. Kifua kinatulia, midomo inabadilika rangi, mashine inalia, sista anamsugua unyayo kwa kidole, mtoto anarudi. Ubongo wa njiti haujakomaa kuamrisha pumzi bila kukoma, na pumzi ikikatika sekunde 20 au zaidi hawalichukulii kirahisi.

Daktari akaandika kafeini sitreti. Mama mkwe wangu ni mtu wa Mbozi, kahawa ameianika kwenye chanja tangu ujana wake, akauliza wodi nzima ikasikia: "Sista, hivi mjukuu wangu mnamnywesha kahawa?" Sista akacheka: "Ndiyo hiyo hiyo bibi, ila hii imepimwa."

Kweli ni ile ile ambayo Mjerumani Runge aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819. Hapa imeunganishwa na asidi ya sitriki ili iyeyuke vizuri kwenye maji, ndiyo maana miligramu 20 za sitreti zina miligramu 10 tu za kafeini yenyewe. Someni lebo vizuri.

Dozi ya kwanza ni miligramu 20 kwa kilo, kwa hiyo wangu alipata 28, kwenye dripu, taratibu, kama nusu saa. Baadaye ikawa ndogo zaidi, mara moja kwa siku, kupitia mpira wa puani. Mtu mzima nusu ya kafeini humtoka kwa saa tano hivi; kwa kichanga, ini likiwa bado changa, huchukua takriban saa 100. Ubongoni inawahi kukalia kiti cha adenosini, kemikali inayotuliza, basi amri ya kupumua haisinzii.

Mashine ilipunguza kulia kuanzia kesho yake. Madhara tuliyoyaona: mapigo ya moyo yalipanda, dozi moja ikasogezwa mbele, na maziwa alicheua kidogo.

Nyota nne. Ya tano naikata kwa upatikanaji. Hospitalini haikuwepo, mume wangu akazunguka maduka ya dawa Mwanjelwa na Soweto bila mafanikio, mwisho ikaagizwa Dar ikaja na basi. Na bei inauma, maana kichupa hakina kihifadhi: unachota mililita moja na kitu, kinachobaki kinamwagwa.

Tukiisubiri alipewa aminofilini. Ni ndugu yake: inatoa theofilini, na mwili wa njiti wenyewe hugeuza sehemu yake kuwa kafeini. Inasaidia, ila kati ya dozi inayotibu na inayodhuru nafasi ni finyu, masista hawabanduki. Kama umelazwa na uchungu umeanza kabla ya wakati, aliye nyumbani aanze kuulizia kafeini sitreti leo, mtoto akiwa bado tumboni.