Kuhamia villa kongwe Mirdif, Dubai, na watoto watatu: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Tulihama mtaa wa Al Nahda mwishoni mwa Juni 2024, wiki ileile shule zilipofunga. Tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe. Miaka saba tulikaa kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya kumi na moja. Mtoto wetu wa mwisho alifikisha miaka mitano hajawahi kufungua mlango akatoka nje peke yake, kwa sababu nje yenyewe haikuwapo. Mlango ulitokea kwenye korido, korido kwenye lifti, lifti kwenye maegesho ya magari. Ubanaji wa ndani tungeuvumilia, tumekulia kwenye nyumba za watu wengi. Ila mtoto asiyejua uani ni nini, hilo lilinikosesha usingizi.

Tangu tuhamie, kila baada ya siku chache ananipigia mtu wa kwetu aliyeko Deira au Sharjah: mnalipa ngapi, bili ya umeme ikoje, hizo ndege mnalalaje nazo? Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, na hesabu zake.

Mume wangu yuko upande wa mizigo uwanja wa ndege, zamu za usiku, na kutoka Mirdif anafika kazini kwa robo saa. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ni umri wa mtaa. Kabla ya hapa tulikwenda kutazama villa mpya nje kabisa ya mji. Kodi ilikuwa karibu sawa, milango bado inanukia rangi, jiko la kisasa. Lakini kivuli hakuna. Miche ya miti imefungwa kwenye vijiti, duka ni la kwendea kwa gari, na mahali pa msikiti palikuwa na bango tu. Mama mkwe alishuka garini, akatazama kulia na kushoto, akauliza, "Watu wa hapa wako wapi?" Hatukurudi tena kule.

Villa tuliyopata iko kwenye kompaundi ya nyumba nane zenye geti moja. Vyumba vitatu juu, chini sebule, jiko na chumba kidogo cha dada wa kazi, nyuma kijiuani cha hatua kama kumi na mbili. Ni nyumba ya zamani na inaonekana. Makabati ya jikoni yamechoka, vigae vya bafuni ni vya rangi ya waridi iliyofifia, na mlango wa uani ulikuwa unaburuza sakafuni mpaka fundi alipouranda. Dalali alikuwa anapita haraka kwenye vitu hivyo, lakini mimi nilikuwa natazama nje. Getini pamesimama mwarobaini mkubwa uliofunika magari mawili. Njiani kuelekea msikitini kuna miti ya mikungu. Na juu ya ukuta wetu wa nyuma limeinama tawi zima la mkunazi wa jirani.

Mama mkwe alipouona mkunazi ule alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akasema, "Hapa nitakaa." Waarabu wa hapa huuita sidri, na majani yake huoshea nywele kama wafanyavyo bibi zetu. Siku ya tatu alikuwa anachuma majani, sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Nani huyo anonichumia mkunazi wangu?"

"Ni mimi mgeni wako, bibie. Niwie radhi."

"Hujakosa kitu. Wa wapi weye?"

"Wa Tanga, Chumbageni."

"Mie wa Ng'ambo. Zunguka getini, njoo unywe kahawa."

Bibi yule alizaliwa Unguja, mtaa huo wa Ng'ambo, akaondoka msichana mdogo baada ya mapinduzi ya 1964, akafika huku kupitia Maskati. Tangu siku ile wazee wawili hawa huwa pamoja kila alasiri. Kwangu mimi hilo peke yake linalipa nusu ya kodi. Sikuwa na raha kumwona mama mkwe kule ghorofani anashinda na televisheni ya lugha asiyoijua.

Sasa hesabu. Kodi yetu ni dirham 120,000 kwa mwaka, kwa cheki nne. Dalali alichukua asilimia 5, yaani 6,000, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake 300. Dhamana ya mwenye nyumba ni asilimia 5 nyingine, 6,000, kwa sababu nyumba haina samani. Yenye samani wanataka asilimia 10. Amana ya DEWA, mamlaka ya umeme na maji, kwa villa ni 4,000, wakati kwenye fleti tulilipa 2,000. Kusajili mkataba Ejari, mfumo wa serikali wa mikataba ya kupanga, kulikula kama 200 na kitu. Gari na vijana wa kubeba 1,800. Ukijumlisha na cheki ya kwanza ya 30,000, zilitutoka zaidi ya dirham 48,000 kabla hatujanunua hata pazia. Na mapazia ya villa ni mengi, madirisha ya fleti yetu yote yangeingia kwenye sebule hii moja.

Kuna gharama moja ambayo wengi hawaijui mpaka bili ifike. Ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, hugawanywa kwa miezi kumi na miwili na kuingizwa ndani ya bili ya DEWA. Kwetu ni dirham 500 kila mwezi, utumie maji usitumie. Umeme nao hupanda bei kwa ngazi: yuniti 2,000 za mwanzo za mwezi ni fils (senti za dirham) 23 kila moja, ngazi inayofuata fils 28, kisha 32, na ukizidi 6,000 ni fils 38, bila ada ya mafuta. Fleti yetu haikuwahi kutoka ngazi ya kwanza. Villa inapigwa na jua pande zote nne na juu, kwa hiyo Agosti ile ya kwanza bili ilikuja 2,900. Januari ilishuka hadi 1,050. Anayepanga bajeti apange kwa Agosti.

Na hapa nifike kwenye lililotuumiza. Dalali alituahidi kuwa viyoyozi vyote vitasafishwa na kukaguliwa kabla hatujaingia. Tulimwamini, hatukudai karatasi. Wiki ya pili ya Julai kiyoyozi cha juu kikafa. Nje digrii 45. Watu sita tukashusha magodoro, tukalala sebuleni siku nne. Mama mkwe ana shinikizo la damu, na usiku wa pili nilikuwa naamka kila saa kumgusa shingoni. Fundi wa kwanza alisema gesi imepungua, akajaza, akachukua 350, kesho yake kikazima tena. Fundi wa pili alipanda juu ya paa na kutuonyesha kuwa kompresa ndiyo iliyokufa, tena ilikuwa imeshafungwa viraka mara mbili.

Mkataba wetu unasema matengenezo ya chini ya dirham 500 ni ya mpangaji, ya juu ni ya mwenye nyumba. Mikataba mingi ya hapa iko hivyo. Sheria namba 26 ya 2007 yenyewe inamtwisha mwenye nyumba matengenezo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo haki ilikuwa yetu na alilipa, lakini alikuwa safarini na msimamizi wake hakupokea simu kwa siku tatu. Haki hiyo haikumpoza mtu wakati ule. Ndugu yangu unayetaka kuhamia villa ya zamani, nakuomba: kaione saa saba mchana, si jioni. Washa viyoyozi vyote, kaa saa nzima, weka mkono kwenye kila tundu la hewa. Omba kupanda paani. Ahadi ya dalali iandikwe kwenye nyongeza ya mkataba, isainiwe.

Jambo la pili la kukagua ni alama za maji. Tarehe 16 Aprili 2024, miezi miwili kabla ya sisi kuhama, uwanja wa ndege wa Dubai ulipata zaidi ya milimita 142 za mvua kwa siku moja, zaidi ya inayonyesha kwa mwaka mzima wa kawaida. Nyumba hii tulipoikagua ilikuwa na rangi mpya ukuta mmoja tu wa sebule, tena mpaka usawa wa goti. Mume wangu aliiona, akauliza. Maji yalikuwa yameingia. Tulitaka mfereji wa uani uzibuliwe na kizingiti cha mlango kiinuliwe kabla ya kusaini, na hilo walilifanya kweli.

Maji ya bomba ni hadithi nyingine, na aliyetufundisha ni bibi wa Ng'ambo. Kiangazi tangi la paani huchemka, ukifungua bomba la baridi unaungua. Basi unazima hita za bafuni mwezi Juni, maji yake yanatulia humo ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, na bomba jekundu ndilo linakuwa la maji ya baridi. Oktoba unawasha tena.

Ndege ndiyo, zinasikika. Mirdif iko jirani kabisa na uwanja, na upepo ukikaa upande fulani zinapita juu ya paa mfululizo. Ukiwa uani unazungumza na simu, unanyamaza mpaka ipite. Watoto walizoea ndani ya wiki mbili. Mimi ilinichukua kama miezi miwili. Mwenye mtoto mchanga mwenye usingizi mwepesi alale hapa usiku mmoja kwa rafiki kwanza.

Shemeji yangu alitaka kuhamia nasi na mkewe, wachukue kile chumba cha chini na stoo, tugawane kodi. Kwetu ni jambo la kawaida, na dalali alisema hakuna shida. Tulikataa, na haikuwa rahisi kusema hapana kwa ndugu. Manispaa ya Dubai hairuhusu familia mbili kugawana villa moja, na kukata vyumba kwa mbao ni kosa. Tangu 2022 kila anayeishi kwenye nyumba anapaswa kusajiliwa kwenye programu ya simu ya Idara ya Ardhi. Sikutaka kulala na wasiwasi kila mtu akigonga geti. Wamepata fleti Muhaisnah, si mbali, na Ijumaa wote wako hapa.

Bila gari utataabika. Kituo cha metro kilicho karibu ni Centrepoint, ambacho wengi bado tunakiita Rashidiya, na unakwenda kwa basi kwanza. Njia mpya ya metro, ya bluu, imepangwa kufika Mirdif mwaka 2029. Binti yangu mkubwa anaihesabu miaka hiyo. Kuhusu shule sina mengi, watoto wamebaki ileile na basi linawafuata.

Lile nililolitaka tulilipata, lakini si mara moja. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mtoto anayecheza nje kabla ya Magharibi, joto haliruhusu, na nilianza kujiuliza tumetoa pesa zote hizi kwa ajili ya nini. Oktoba mtaa ukafunguka. Baiskeli zilitoka kwenye kila geti, nikagundua kompaundi yetu ina watoto kumi na tisa. Yule mdogo wangu sasa anatumwa bakala, duka dogo pale kwenye kona, na dirham tano mkononi, anapitia mkate wa tanuri kwa Waafghani, anarudi amekula nusu yake. Mlinzi anamjua, imamu anamjua, bibi wa Ng'ambo anamgombeza kwa jina. Jumamosi tunakwenda Mushrif Park, tunatandika mkeka na chupa ya chai chini ya mighafu, ile miti ya jangwani ya hapa. Kwenye mtaa mpya ningesubiri miaka kumi kwa haya.

Je, ningehamia tena? Ningehamia, ila mwezi wa Novemba, si Juni.

La mwisho ni la kuongeza mkataba. Mwaka jana mwenye nyumba alitutumia ujumbe anataka 135,000, zikiwa zimebaki siku 40. Nilimjibu kwa adabu kuwa mabadiliko ya mkataba yanahitaji taarifa ya siku 90, nikamwekea na makadirio ya faharasa mpya ya kodi, kile kipimo cha serikali cha kodi inaweza kupanda kiasi gani, iliyoanza Januari 2025. Alikasirika kidogo, halafu akakubali tubaki kwenye 120,000. Safari hii nikadai kompresa ya chini nayo ibadilishwe, ikaandikwa, ikabadilishwa Mei kabla ya joto. Mkataba wa sasa unakwisha tena mwishoni mwa Juni, kwa hiyo siku 90 zake ni mwishoni mwa Machi. Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni.